Mwewe wa Malaba Hana Pasipoti

Jina la Malaba si geni katika nyumba za Mombasa. Ni jina linalosikika kwenye simu za usiku: baba yuko Malaba, foleni haijasonga, kaka amefika Malaba, karatasi zake bado hazijapita. Barabara kuu ya A8, inayoanzia kwetu Mombasa na kupitia Nairobi, Naivasha, Nakuru na Eldoret, hukomea hapo, penye mto unaotenganisha Kenya na Uganda. Upande wa kusini, kwa mwendo mfupi wa gari, uko mji wa Busia, mpaka wa pili, ambako tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Dereva aliyekaa kutwa ndani ya lori lake, akiinua macho, humwona msafiri mwingine asiyepanga foleni. Ni mwewe, yule mwenye mdomo wa manjano na mkia wenye panda, auelekezaye mkia wake huku na huku kama nahodha na usukani wa jahazi. Hutoka juu ya mabanda ya nyama ya upande wa Kenya, akavuka mto, akazunguka juu ya mapaa ya Uganda, kisha akarejea, na hakuna afisa aliyemwuliza neno. Wachoma mishikaki wanamjua vyema. Hushuka kimya kutoka nyuma, na mtoto aliyeshika mshikaki hujikuta ameshika kijiti. Akijenga kiota huokota matambara na vipande vya plastiki, bila kujali vimetoka nchi gani.

Likizo za shule zinakaribia, na zipo familia zitakazopanda basi kwenda magharibi kuwaona jamaa zao. Safari hiyo ni ndefu, na watoto huchoka upesi kuhesabu malori. Makala haya yanawapendekezea kuhesabu ndege mbuai, yaani wale wanaowinda kwa kucha, na kusimama njiani mahali ambapo ndege hao hutibiwa. Yana pia jambo zito zaidi, linalohusu chungu cha nyumbani, na tutalifikia tukifika Busia.

Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutowajua ndege hawa, kwani lugha yetu imewapa majina tangu zamani. Tuna kozi na kipanga, wepesi wa angani. Tuna mwewe, adui wa vifaranga. Tuna furukombe anayevua samaki. Tuna tai, tuna tumbusi anayesafisha mizoga, na bundi anayefanya kazi wakati sisi tumelala. Wazee walisema kozi mwandada, kulala na njaa kupenda. Aliyesema hivyo alikuwa amemtazama kozi kwa makini, akajua kwamba ndege stadi kama yule hakosi riziki ila kwa kutaka mwenyewe. Leo ni watoto wangapi wa Mji wa Kale au Likoni wanaoweza kumtofautisha kozi na mwewe? Wengi wanamjua kunguru tu.

Dawa ya upungufu huo ipo kando ya barabara hiyo hiyo ya Malaba. Shirika la Kenya Bird of Prey Trust lina vituo vya kuwatunza ndege mbuai Naivasha na Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita, kabla ya kufika Nakuru. Mtu ambaye jina lake limefungamana na kazi hii nchini kwa miongo mingi ni Simon Thomsett, aliyeanza kuwalea na kuwatibu ndege hawa tangu ujana wake. Anayeingia hapo akitarajia mchezo wa sarakasi atavunjika moyo. Hizo ni hospitali. Huyu amechomwa na umeme alipotua juu ya mlingoti, yule amegongwa na gari alipokuwa akila mzoga barabarani, mwingine ameokotwa akitetemeka baada ya kula nyama iliyotiwa sumu.

Kinachovutia zaidi ni namna ndege anavyorudishwa porini. Bawa lililovunjika likiunga, ndege bado hawezi kuishi, kwa sababu misuli yake imelegea kama ya mgonjwa aliyelala kitandani miezi mitatu. Hapo ndipo ufundi wa kale wa kuwinda kwa kozi unapogeuka tiba. Mtunzaji huvaa glavu nene ya ngozi, humfunga ndege kamba laini za ngozi miguuni, humpima uzito, na humfundisha kuruka kutoka kiguzo hadi mkononi kwa kipande cha nyama. Umbali huongezwa kidogo kidogo. Kisha huzungushwa chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye uzi, naye ndege hukifukuza angani mpaka pumzi na nguvu zimrudie. Uzito ndio siri ya kazi yote: ndege aliyeshiba sana hasikii mwito, na aliyekonda hana nguvu ya kuruka, hivyo mtunzaji huongozwa na mizani. Siku ikifika, kamba hufunguliwa, naye akaenda zake. Wapo wasioweza kwenda tena, waliokatwa bawa au waliolelewa na binadamu tangu vifaranga wakasahau wao ni nani. Hao hubaki kituoni, na wageni hujifunza kwao.

Watoto watakutana na bundi pia, na hapo mzazi awe tayari kujibu. Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husema kuna mgonjwa atakayekufa. Mtume Muhammad (S.A.W.) alikanusha itikadi ya kutafuta mikosi kwa ndege, na akamtaja mahsusi yule ndege wa usiku aliyeogopwa na Waarabu wa zama za ujinga. Bundi amefuata panya tu, na penye panya wengi ndipo analia sana.

Haja ya vituo hivi si ndogo. Mwaka 2022 jarida la Biological Conservation lilichapisha utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, uliolinganisha hesabu za ndege mbuai zilizofanywa kando ya barabara za Kenya katika miaka ya 1970 na zile zilizofanywa kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 zilizopimwa, 19 zilikuwa zimepungua. Ndege karani, yule wa miguu mirefu anayetembea nyikani akikanyaga nyoka, alipungua kwa asilimia 94. Mwewe mkubwa wa nyanda za juu mwenye mkia mwekundu, asilimia 91. Tumbusi mdogo mwenye kofia ya manyoya, asilimia 88. Wazazi wetu waliosafiri kwa basi kwenda Nairobi katika miaka hiyo ya 1970 waliona ndege kumi mahali ambapo watoto wetu wataona mmoja, tena wakibahatika.

Magharibi kuna mmoja ambaye bado anaweza kuonekana na anayestahili kutafutwa. Ni tai mweusi mwenye kishungi kirefu kinachopepea utosini, apendaye kukaa peke yake juu ya mlingoti wa umeme au mti mkavu kando ya shamba la mahindi. Chakula chake kikubwa ni panya. Naye amo katika orodha ya utafiti ule, amepungua kwa asilimia 94. Kutoka Bungoma hadi Malaba, na kutoka Malaba hadi Busia, mtoto akae dirishani atazame nguzo. Akimwona, atamjua kwa kishungi chake hata basi likiwa mbioni.

Kabla hatujashuka Busia, inafaa tuseme neno juu ya Ghuba, kwani ni nyumba chache za pwani zisizokuwa na ndugu Muscat, Dubai au Doha, na picha za kozi aliyevishwa kofia ya ngozi zimezoeleka katika simu zetu. Uwindaji kwa kozi uliingizwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya turathi za wanadamu zisizoshikika, kwa maombi ya pamoja ya nchi 11, zikiwemo Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia, Qatar na Morocco. Abu Dhabi kuna hospitali ya kozi iliyofunguliwa mwaka 1999, ambayo huwatibu maelfu ya ndege kila mwaka na huwakaribisha wageni. Tangu mwaka 2002 kozi wa Falme za Kiarabu husafiri na pasipoti zao wenyewe. Ndiyo, msomaji, kozi ana pasipoti, na mwewe wa Malaba hana.

Pasipoti hiyo inachekesha kwa mbali, lakini kwa karibu ina maana. Iliwekwa ili ndege halali atambuliwe, na yule aliyeibwa porini akose njia. Sheikh Zayed, muasisi wa dola hilo, alianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwaachilia kozi wa porini warudi walikotoka baada ya msimu wa kuwinda, na leo wawindaji wengi wa huko hutumia kozi waliozalishwa katika mabanda. Mkenya Munir Virani, aliyewatafiti ndege mbuai wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, amekuja kuongoza mfuko wa Abu Dhabi wa kuwahifadhi ndege hao. Basi kijana wa mpakani anayeambiwa kwamba kuna Mwarabu atakayemlipa mamilioni kwa kozi aliyenaswa porini aambiwe pia haya. Kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, kumkamata ndege huyo bila kibali ni kosa lenye adhabu kali, na anayemshawishi hatakuwa naye kizimbani.

Kwa Mwislamu, kuwinda kwa kozi si jambo la fahari ya matajiri pekee. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Maida, aya ya nne, imehalalisha mawindo yaliyokamatwa na viumbe wawindao waliofundishwa na mwanadamu, na wanazuoni wameeleza masharti yake: mnyama au ndege awe amefundishwa kweli, jina la Mwenyezi Mungu litajwe anapoachiliwa, na mawindo yakipatikana yangali hai yachinjwe. Nyama ya kozi mwenyewe hailiwi, kwani ndege wenye kucha za kuwindia wamekatazwa. Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Ndege haliwi, alichokamata kwa adabu kinaliwa. Njia ya kupata chakula imepewa uzito sawa na chakula chenyewe, na hii ndiyo fikra tunayoomba msomaji aishike tunapoingia kaunti ya Busia.

Kusini mwa mji wa Busia, kuelekea Ziwa Viktoria, mto Nzoia hutanuka na kumwagilia mashamba ya mpunga ya Bunyala. Ni nchi ya maji na matope, na ndege huifuata kama sisi tunavyofuata soko: bata maji, njiwa, vibwilo wa kila namna, na korongo mmoja wa ajabu ambaye mdomo wake hauzibi katikati, uliumbwa hivyo ili ashike konokono na kumtoa ndani ya gamba. Huko ziwani furukombe hulia asubuhi juu ya miti, kwa ile sauti inayosikika kutoka ng'ambo.

Katika mashamba hayo mtafiti wa Kenya, Martin Odino, alikaa katika mwaka 2009 na 2010 akifuatilia biashara ambayo wengi hawakutaka kuitazama. Watu walikuwa wakiwinda ndege kwa sumu ya kilimo. Dawa iliyotajwa ni Furadan, chembechembe za rangi ya zambarau zenye kemikali ya kabofurani, iliyotengenezwa kuua wadudu na minyoo ya ardhini wanaoharibu mimea. Wawindaji waliitia ndani ya konokono, wakawatandaza konokono hao majini wanapotua korongo. Kwa ndege wala nafaka walitumia mpunga. Ili kuwavuta walio angani, walimfunga korongo hai katikati ya shamba, wenzake wakidhani pana amani. Ndege walianguka baada ya muda mfupi, wakaokotwa, wakanyonyolewa na kuuzwa wawe kitoweo cha binadamu.

Kabofurani huvuruga mishipa ya fahamu. Aliyeila hutokwa na mate na jasho, macho yakaingia ukungu, akatapika, misuli ikatetemeka, na kwa kiasi kikubwa pumzi hukatika. Si kwa ndege tu. Mwili wa mtoto wa Adamu hauna kinga nyingine. Marekani ilianza kuondoa aina ya chembechembe katika miaka ya 1990 kwa sababu ya vifo vya ndege, na mwaka 2009 ikafuta ruhusa ya mabaki yake kuwemo katika chakula. Mwaka huo huo, baada ya televisheni moja ya Marekani kuonyesha simba wa Kenya waliouawa kwa sumu hiyo, kampuni ya FMC iliyoitengeneza ilitangaza kuinunua tena iliyobaki madukani hapa Kenya na kwa majirani zetu. Kwenye karatasi jambo likawa limekwisha. Lakini Odino aliyaona aliyoyaona Bunyala baada ya tangazo hilo, na yeyote anayeujua mpaka wa Busia, wenye vijia vingi nyuma ya nyumba, anajua kwamba kopo lililoondolewa dukani upande mmoja halihitaji mabawa ili livuke kutoka upande wa pili.

Kinachotokea baadaye ndicho kinachowahusu ndege wetu mbuai. Korongo aliyekula sumu huenda asianguke palepale. Huruka, akaangukia mbali, akaokotwa na furukombe, mwewe au tumbusi. Mwindaji hakumkusudia mwewe, lakini mwewe amekufa, na kituo cha Naivasha hakiwezi kumtibu ndege ambaye hakuna aliyemwona akianguka. Ndivyo sumu inavyopanda kutoka konokono hadi angani, na ndivyo inavyoshuka kutoka angani hadi sahani.

Hukumu ya nyama hiyo haihitaji fatwa ndefu. Bata na njiwa asili yao ni halali, lakini aliyekufa kwa sumu bila kuchinjwa ni mzoga. Akiwahiwa akachinjwa kabla roho haijatoka, sumu imo bado katika nyama, na kuidhuru nafsi kumeharamishwa. Wako wanaosema ukitupa matumbo na kuchoma vizuri hakuna neno. Moto si dhamana. Madereva wetu wanaokaa siku kadhaa mpakani, na wanaokula wanachokikuta, tunawaomba jambo dogo: nyama ya ndege wa porini isiyojulikana alivyokufa isinunuliwe, iwe mbichi, iwe ya moshi, hata ikisemwa kwamba ni ya bata. Nani alimkamata, na kwa njia gani? Muuzaji asiye na jibu amekwisha kujibu.

Wala tusiseme hayo ni mambo ya Bunyala. Katika majumba yetu ya pwani dawa ya panya huwekwa nyuma ya kabati, panya akatoka nje akiwa amelewa, na bundi au mwewe akamchukua. Paka wa jirani naye hali kadhalika. Mtego wa waya, tundu lililozibwa na pipa la taka lenye kifuniko hufanya kazi ile ile bila kuacha maiti yenye sumu. Mwaka 2024 serikali ilipotangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja, wengi walilalamika kuhusu sumu, na walikuwa na haki ya kuuliza. Dawa iliyoteuliwa, Starlicide, ilichaguliwa kwa sababu huvunjika ndani ya mwili wa kunguru kabla hajafa, ili anayekula mzoga wake asidhurike. Dawa za vichochoroni zinazouzwa bila jina hazina hesabu hiyo.

Kwa familia zitakazosafiri, ni vizuri kuwasiliana na kituo cha Naivasha au Soysambu kabla ya kuondoka, ili mjue saa za kupokea wageni. Watoto waambiwe wasipige kelele na wasinyooshe mkono, kwani jicho la kozi linaona kidole kuwa ni kipande cha nyama. Mkifika Busia au Malaba, wakati mzuri wa kuwatazama mwewe ni asubuhi kabla jua halijakali, na baada ya Alasiri, wachinjaji wanapofagia mabanda yao. Wenye darubini ndogo waichukue, lakini wasiielekeze kwenye ofisi za forodha na uhamiaji. Maafisa wa mpakani hawana subira na wapenda ndege.

Na mkimwokota ndege mbuai aliyejeruhiwa, iwe huko au hapa Kisauni, mfunikeni kwa kanga au taulo ili macho yake yasione, kwa kuwa giza humtuliza. Shikeni miguu kwanza, kwani hatari yake iko katika kucha kuliko mdomo. Mtieni katika sanduku la karatasi ngumu lenye matundu, mahali pa kimya, mbali na watoto na paka. Msimlazimishe maji wala kumpa mkate na maziwa. Kisha waarifuni maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori walio karibu nanyi siku hiyo hiyo, na mkumbuke kuwaeleza mahali hasa alipookotwa na kama palikuwa na ndege wengine waliokufa karibu naye.